Mfuniko wa Rejeta

Jumapili, 1 Septemba

Leo gari imetoka kwa mara ya kwanza tangu baba azikwe. Kaka Suhail aliiwasha baada ya sala ya alfajiri. Mama alikuwa anakuna nazi. Aliposikia injini, mkono ukasimama, akakaa juu ya mbuzi akisikiliza mpaka sauti ikapotelea barabarani. Kwa wiki nne hakuna aliyeigusa pale chini ya mfenesi. Lakini karafuu zimekomaa, wachumaji wanataka kupelekwa mashambani, magunia yanataka kufika kituoni Konde, na pikapu hiyo ya dizeli ndiyo kazi baba aliyotuachia.

Mama anakaa eda. Hatoki nje, wala haonekani na wanaume wasio maharimu zake. Ya nje yote anayajua kwa vinywa vyetu wawili, mimi na Suhail. Niliporudi ndani aliniuliza, "Imetoka vizuri?" Nikamwambia imetoka vizuri.

Jumanne, 3 Septemba

Jaribio la fizikia limeahirishwa. Gari imechemsha.

Jumatano, 4 Septemba

Suhail ananiambia mshale wa joto unafanya vituko. Akipanda kilima cha Konde unakwenda mpaka karibu na wekundu, halafu unaanguka ghafla, halafu unapanda tena.

"Ungekuwa unapanda moja kwa moja ningefahamu," alisema. "Lakini huu unacheza kama mtoto aliyetoroka chuoni."

Kitabu cha injini hii kimo sandukuni mwa baba, na ni cha Kiingereza. Baba alikuwa akinipa nimsomee. Naye anasikiliza huku amefumba macho kama anayesikiliza tafsiri ya Kurani. Leo Suhail alikitoa mwenyewe, akakifuta vumbi kwa kanzu yake.

"Haya Injinia, mzee hayupo. Nisomee mimi."

Skuli mwalimu huniambia nipaze sauti mpaka nasahau nilichotaka kusema. Mbele ya Suhail sauti hutoka yenyewe. Tulisoma sura ya kupozea injini mpaka magharibi. Inasema tuanze na yaliyo rahisi: maji, mkanda wa feni, mipira, thamostati, mfuniko wa rejeta. Ukikimbilia kufungua injini kabla ya hayo, wewe ni mjinga. Kitabu hakisemi hivyo, nimefasiri mimi. Suhail alicheka.

Ijumaa, 6 Septemba

Mkanda mzima. Mipira mizima. Suhail ameitoa thamostati akaniletea jikoni. Hiki ni kidude cha shaba na chuma, kidogo kuliko kikombe cha kahawa, nacho kazi yake ni kufunga njia ya maji injini ikiwa baridi na kuifungua ikipata moto. Mafundi wengi hapa huitoa wakaitupa. Wanasema nchi yetu ya joto haina haja nayo. Kitabu kinasema ukiitupa umejitafutia maradhi mengine. Ukitaka kuujua uzima wake, itie kwenye maji uyachemshe.

Basi nilichukua sufuria ndogo ya uji. Mama akasema, "Samiha, hicho chombo cha kulia!" Nikamwambia nitakisugua kwa jivu. Tukainama wote wawili juu ya jiko. Maji yalipokaribia kutokota, kile kidude kikaanza kujifungua polepole katikati.

"Subhanallah," mama alisema. "Kinafumbua mdomo kama chaza."

Hakucheka tangu Agosti, na leo alicheka. Kisha akataka nikitoe kwenye maji akione kinavyofumba.

Thamostati nzima. Suhail ameirudisha.

Jumamosi, 7 Septemba

Nimeupata ugonjwa!

Ni mfuniko wa rejeta, lile tangi la maji mbele ya injini. Kwa juu una kutu na sikio moja limepinda, hilo si neno. Lakini chini yake mpira umechanika, unaning'inia kama ukucha uliong'oka. Suhail alikwenda kwa Mzee Haroub, fundi wa baba tangu zamani, akanunua mpya. Tukaijaza rejeta maji, tukapanda kilima na magunia nyuma, mimi nimekaa mbele nautazama mshale. Ulifika katikati ukabaki hapo kama umegundishwa.

Jioni Suhail aliniuliza maswali mengi, mpaka nikahisi kama mimi ndiye mwalimu. Kwani mfuniko si wa kuzuia maji yasimwagike tu? Nikamweleza kwamba unayabana maji. Maji yaliyobanwa huchelewa kuchemka. Mpira ukichanika, yanachemka mapema, yanatoka kwa kile kimpira cha pembeni, rejeta inapungua, hewa inaingia. Hewa ikipita pale kwenye kipimo mshale unaanguka, maji yakipita unapanda. Ndiyo ile ngoma.

"Na mtu asiyejua angedhani nini?"

"Angedhani hedi, kichwa cha injini, imekufa. Dalili zinafanana sana."

"Hata fundi?"

"Hata fundi, asipotazama mfuniko."

Alitikisa kichwa kwa mshangao. "Injinia, wewe si wa kuozeshwa mapema." Nikamwambia autupe ule mbovu usije ukachanganyika na mpya. Akasema ashautupa.

Nimeandika mengi leo. Nina furaha, na naona aibu kuwa na furaha wakati mama yumo edani.

Jumatatu, 16 Septemba

Mshale katikati.

Jumapili, 22 Septemba

Mjomba Jecha, kaka wa mama, amekuja kutoka Kisiwa Panza na pweza wakavu. Alimwambia mama kwamba maadamu gari inazalisha, hana la kusema, tubaki hapa hapa. Gari ikisimama, mama akitoka eda tu atatuchukua kwake sote. "Siwezi kukuacha mjane na mtoto wa kike mnaangalia mlango," alisema. Ana nia njema.

Lakini mimi niko kidato cha tatu, nachukua sayansi, na skuli yangu iko Konde. Nikihamia kwa Mjomba ndio basi. Hakuna aliyelisema hilo. Nilihesabu vikombe kwenye sinia ili nisilie.

Suhail alinikuta uani. "Gari haisimami," aliniambia. "Si nnaendesha mimi?"

Alhamisi, 3 Oktoba

Karafuu zimejaa majamvini mpaka nje ya ukumbi. Mikono yangu inanuka makonyo, vile vijiti vya karafuu, hata darasani.

Jumanne, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Tulikimbia na majamvi. Gari imechemsha tena.

Jumatano, 16 Oktoba

Suhail anasema ni mchezo ule ule: juu, chini, juu. Nilikwenda kuitazama jioni ilipopoa. Maji yamepungua sana. Mfuniko ni ule mpya, mpira wake laini, mzima. Mipira haivuji. Nimejaza maji.

Jumamosi, 19 Oktoba

Maji yamepungua tena. Hayaonekani yanakotoka.

Jumatatu, 21 Oktoba

Kitabu kinasema maji yakipotea bila mahali pa kuvuja, shuku gasketi ya hedi. Nimeyafanya yote yaliyoandikwa. Nimefungua rejeta injini ikiwa baridi, Suhail akaiwasha, nikatazama mapovu: hakuna. Nimetazama oili: nyeusi kama kawaida, haijawa rangi ya chai ya maziwa. Moshi si mweupe. Dalili moja inasema hedi imekufa, tatu zinasema haikufa.

"Kitabu nacho huzeeka," Suhail aliniambia, kwa upole.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua siku nne. Karafuu zetu zimelowana mara mbili. Wachumaji wa Bi Mwatum, jirani yetu, wamechukua gari nyengine kwa sababu yetu iliwaacha njiani, wakatembea kwenye tope na makanda kichwani. Bi Mwatum alikuja kumwambia mama mwenyewe. Mama alimuomba radhi kama kwamba yeye ndiye aliyechemsha.

Suhail ameipeleka gari kwa fundi anaitwa Ridha. Nikamuuliza kwa nini asiipeleke kwa Mzee Haroub. Akasema Mzee Haroub goti limemlaza. Ridha ameitazama kwa muda wa kunywa soda, akasema hedi imekufa, na injini ya namna hii haipatikani tena ila Mombasa.

Usiku niliisoma sura nzima upya. Huenda sikujua Kiingereza kama nilivyodhani. Huenda baba alikuwa akinisikiliza kwa huruma tu.

Jumapili, 3 Novemba

Msellem mwenye duka la vipuri Konde ameleta salamu kwamba yuko tayari kuichukua gari kama chuma chakavu. Suhail alimweleza mama, sauti ya chini, mikono magotini. Mama aliuliza, "Na Samiha anasemaje?"

Suhail akanitazama. Nikasema sijui. Na kweli sikujua.

Ijumaa, 8 Novemba

Naandika hapa nyuma ya banda la kuni kwa sababu ndani siwezi.

Ijumaa tunatoka skuli mapema. Suhail alifika nyumbani mbio, khutba imeshaanza, akaiacha gari katikati ya njia akaenda msikitini kwa miguu huku anafunga vifungo vya kanzu. Boneti ilikuwa inatoa mvuke. Mimi nikasema nitaifungua boneti ipate hewa, basi. Sikuwa na wazo jengine.

Mfuniko uliokuwa juu ya rejeta ulikuwa na kutu, na sikio moja limepinda.

Nilisimama. Huwezi kufungua rejeta ya moto, itakuunguza uso. Nikangoja. Niliwasikia watu wanaitikia amina. Ilipopoa kidogo nilikunja kitambaa nikaufungua taratibu, na chini yake mpira umechanika, unaning'inia kama ulivyokuwa.

Ule mpya nimeukuta chini ya kiti cha dereva, umeviringwa kwenye tambara safi. Ameutunza vizuri kweli.

Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa. Asubuhi akifika barabarani anautoa mzima anatia mbovu. Gari inachemsha mbele ya watu wote. Akikaribia nyumbani anautoa mbovu anatia mzima, na mimi naja jioni na kitabu changu, nachunguza, napapasa mipira, nanusa oili, na yeye amesimama karibu yangu ananishikia tochi. Ananishikia tochi!

Na nani aliyemfundisha? Alikaa palepale uani akaniuliza moja moja, mtu asiyejua angedhani nini, hata fundi, na mimi nikamjibu kwa furaha. Nilidhani anapenda kunisikiliza.

Nimefunga ule mpya. Huu wa kutu nimeutia kwenye mkoba wa skuli, chini ya vitabu.

Jumamosi, 9 Novemba

Alikuja wakati nageuza karafuu jamvini. Alichuchumaa upande wa pili, akaokota konyo moja akaanza kulivunjavunja.

"Umeuona."

Nikaendelea kugeuza.

"Samiha, n'sikilize. Gari hii nnaendesha mimi. Nnalala chini yake mimi. Lakini si yangu. Ni ya mama, ni yako, ni ya mirathi, kila mtu ana pande lake. Mpaka nizeeke nitakuwa dereva wa nyumba ya mama."

"Na ukiiuza?"

"Msellem ataichukua kwa bei ya chuma, tutakuwa washirika ndani yake, mimi na yeye. Angalau usukani mmoja duniani utakuwa wangu."

"Na sisi tutakwenda Kisiwa Panza."

"Skuli nitakulipia mimi. Utakaa kwa watu Konde. Wallahi Samiha."

"Umeniacha nisome kitabu usiku kucha."

Alijikung'uta vumbi la konyo mikononi. Halafu akasema jambo ambalo naona ndilo alilokuja nalo: "Mama yumo edani. Ukimtia fadhaa sasa hivi, dhambi ni yako."

Akaondoka. Karafuu zilikuwa zimeshageuzwa zote, nikazigeuza tena.

Jumanne, 12 Novemba

Gari imechemsha. Safari hii anaulegeza tu ule mpya, haukazi mpaka mwisho. Naona alama ya maji yaliyotokea juu. Hanifichi tena.

Jumamosi, 16 Novemba

Mama aliniuliza mbona sili. Nikasema tumbo. Aliniwekea tangawizi. Suhail aliniletea kalamu mpya ya wino kutoka Konde. Nimeiweka dirishani, sijaifungua.

Alhamisi, 21 Novemba

Mvua tu.

Jumapili, 24 Novemba

Mjomba Jecha amekuja, na Msellem, kumaliza habari ya gari. Walikaa mkekani ukumbini na Suhail. Mama alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Nilitumwa kupeleka kahawa na kashata.

Msellem ni mtu mwenye sauti nzuri. Alimpa mama pole ya msiba upya, akamsifu baba, ndipo akasema, "Bi Mwanapili, mimi nanunua chuma tu. Injini nshaihesabu haipo. Nakuondosheeni mzigo, wala si biashara."

"Msellem katufanyia hisani," Suhail alisema.

Mjomba akageukia pazia. "Dada, unasemaje? Tumalize, nami niwahi maji kujaa."

Pazia likasogea kidogo. Kisha mama akaniita.

"Samiha."

"Labeka."

"Mimi siwezi kutoka kuitazama. Wewe ndiye macho yangu. Injini imekufa?"

Sinia ilikuwa bado mikononi mwangu. Nilimwona Suhail ananitazama, na hakuwa amekasirika. Alikuwa na uso ule ule wa kunishikia tochi.

"Haikufa," nilisema.

"Mwanangu," Msellem alicheka, "unazungumza nasi au na sinia?"

Nikaiweka chini. "Haikufa. Haikuwa na ugonjwa wowote tangu Septemba."

Suhail akavuta pumzi. Akamwambia Mjomba, polepole, kama mtu aliyelazimishwa, "Sikutaka kulisema hili. Huyu tangu Septemba anafungua, anafunga. Kila jioni mikono imo kwenye rejeta. Thamostati kaipika jikoni kama ndizi! Kama yupo aliyeiua injini ni yeye. Nilikuwa namsitiri."

Alisema namsitiri. Nimekaa nalo neno hilo mpaka sasa.

Mjomba alinigeukia. "Ulifungua kweli?"

"Ndiyo, Mjomba."

"Mtoto wa kike na gari, wapi na wapi! Unaona sasa?"

"Thamostati niliiona mimi," mama alisema nyuma ya pazia. Sauti yake haikuwa kubwa lakini wote waligeuka. "Ilikuwa kwenye sufuria yangu. Ilifumbua mdomo ikafumba. Samiha, usiogope, sema unachokijua."

Nikaenda chumbani, nikarudi na mfuniko wa kutu, nikauweka mkekani kati ya vikombe. Niliwaeleza. Sikumbuki maneno yangu yote. Nakumbuka nilimwambia Mjomba, "Gari iko nje, na ule mfuniko mzima umo juu yake. Mkauhakikishe umekazwa, mtie magunia, Kaka Suhail akupandishe kilima cha Konde, nawe utazame mshale. Ukifika kwenye wekundu, iuzeni, na mimi nitakwenda Kisiwa Panza nisiseme tena. Usipofika, mshuke, mtie huu, mpande tena."

Mvua ilikuwa inapiga bati. Msellem alitazama kikombe chake.

Mjomba si mtu wa magari, ni mtu wa nyavu, lakini hapendi kufanywa mjinga. Alinyanyuka akajikung'uta. "Suhail, twende."

Suhail hakunyanyuka.

"Nakwambia twende, mwanangu. Kilima si mbali."

Suhail aliingiza mkono mfukoni, akatoa ufunguo, akauweka mkekani kando ya ule mfuniko.

"Siendi," alisema.

Hakuna aliyeuliza zaidi. Mjomba alikaa tena, kama mtu aliyezeeka ghafla. Mama akasema, "Msellem, kahawa umemaliza?" naye Msellem akaondoka bila kumaliza.

Suhail alitoka nyuma yake. Alipita karibu yangu mpaka kanzu yake ikanigusa mkono, na hakunitazama.

Jumatatu, 25 Novemba

Hakurudi. Yuko Konde.

Jumatano, 27 Novemba

Nilidhani nikisema kweli nitapata nafuu. Gari imesimama chini ya mfenesi, nzima kabisa, na hakuna wa kuiendesha. Magunia yamejaa ukumbini. Mzee Haroub alikuja na fimbo yake, akaisikiliza injini, akasema ingeweza kwenda mpaka Mkoani na kurudi. Lakini goti lake halihimili klachi ya safari ndefu. Kwa hiyo lilikuwa kweli, goti lake. Hilo moja Suhail hakunidanganya.

Ijumaa, 29 Novemba

Bi Mwatum, mlangoni, mbele ya wanawake wawili: "Kumbe ndiwe wewe uliyemtoa kaka yako nyumbani? Na ukimya wote ule!"

Jumatatu, 2 Desemba

Dereva wa kukodi alikuja siku mbili, akapata gari nyengine. Gunia la chini limeanza kuota ukungu.

Jumapili, 8 Desemba

Mama alimtuma Mjomba Konde, na leo wamerudi wawili.

Suhail alipiga magoti kwenye mlango wa chumba cha mama, akalia. Mama akalia. Mjomba akafuta macho kwa kilemba. Mama alisema gari haiuzwi, hilo Suhail alirudie mbele ya Mjomba, naye akalirudia. Kisha nikaambiwa nipike wali wa nazi na wale pweza waliobaki. Nilipika. Walikula pamoja, na Suhail alisifu mchuzi bila kutaja jina la mpishi.

Nilipokuwa naosha sahani mama alinijia.

"Yeye ni mwanangu, Samiha. Na karafuu zinaoza."

"Najua, mama."

"Wewe una moyo mkubwa."

Niliendelea kuosha. Suhail alimuomba radhi mama, alimuomba radhi Mjomba. Kwangu hakuja, na hakuna aliyemwambia aje. Maneno aliyoyasema mkekani juu yangu hayajarudishwa na mtu.

Jumatatu, 9 Desemba

Alfajiri, kabla hajatoka, nilifungua boneti nikakaza mfuniko mwenyewe. Alinikuta. "Assalamu alaikum," alisema. Kuitikia ni wajibu. Nimeitikia, lakini kwa sauti ambayo nadhani ni mimi peke yangu niliyeisikia.

Jumanne, 10 Desemba

Mshale katikati. Magunia kumi na mbili yamefika kituoni.

Jumamosi, 14 Desemba

Mama ametoka eda juzi. Leo alitaka kwenda kaburini kwa baba, halafu kumtazama dada yake Wete. Alipotoka mlangoni alisimama barazani muda mrefu, analizoea jua. Kisha akaizunguka gari yote, akagusa tairi moja moja, akapanda mbele. Skuli ikifunguliwa Januari ninaendelea pale pale Konde. Alinihakikishia tena bila kuulizwa.

Nilikuwa nimeinama kwenye rejeta. Suhail alikuja akaegemea ubavu wa gari. Alikuwa amenyoa, amevaa shati ambalo nilimpigia pasi mimi, zamani kidogo.

"Injinia," alisema. Sikugeuka. "Nimewaza. Wewe unaijua injini kuliko mimi, kilichobaki ni usukani. Nitakufundisha kuendesha. Jumamosi Jumamosi, pale uwanja wa mpira. Taratibu, mimi na wewe tu."

Nadhani ndiyo ilikuwa radhi yake. Nadhani alikuwa ameifikiria siku nyingi, na mwezi wa tisa ningerukaruka.

"Nimeshamwambia Mzee Haroub," nilisema. "Uwanjani goti lake linaweza. Tunaanza kesho."

"Haroub? Haroub anachechemea tu! Kwa nini usifundishwe na kaka yako?"

Mama alikuwa anatutazama kupitia dirisha la mlango. Mimi nilitazama maji. Yalikuwa yamejaa mpaka shingoni, safi, hayana povu. Nikaweka mfuniko, nikaukaza mpaka ukagoma, nikateremsha boneti, nikaenda kukaa nyuma pamoja na magunia.